Unyoya Humtaja Mama

9 Februari

Mwanangu Fundi Nywele,

Nimepata barua yako na ile picha ya mjukuu wangu asiye na meno ya mbele. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Mwambie bibi naye hana hayo hayo mawili, kwa hiyo asiulize amefanana na nani.

Huku tunapumua. Magoti yangu yanabishana na ngazi ya mlangoni, lakini ngazi haijashinda bado. Bati la jikoni lilianza kuvuja, Kinyozi akapanda akaliziba bila kuambiwa. Yule kijana, tangu afiwe na mama yake akiwa hajaota ndevu, hajawahi kupita mlango wangu asipige hodi na kuniita mama. Leo ana duka lake na viti viwili vinavyozunguka, na bado akipita anafunua sufuria kuona nimepika nini. Anakusalimu. Anasema nyie wawili mnakula kwa nywele za watu, yeye anazikata, wewe unazisoma. Majirani wengine nimeshindwa nao, wanadhani huko uliko unasuka.

Paka wetu Mkaguzi amezeeka. Naye bado anakagua kila sufuria, kwa hiyo nina wakaguzi wawili. Wale watoto wake wa mwisho, watatu walibebwa na madereva wa malori, na yule wa njano nilimpa Kinyozi. Sasa analala kwenye kapu la taulo dukani, wateja wanafutwa shingo kwa taulo lenye manyoya, hakuna anayelalamika.

Sasa nikwambie jambo lililonikalisha. Dobi wetu amefariki. Yule mzee aliyekuwa akinyoosha sare zako za shule, marinda yanasimama kama makali ya kisu. Aligongwa barabarani alfajiri, njia ya kwenda darajani, akiwa kwenye baiskeli yake na furushi la nguo za watu. Aliyemgonga hajulikani. Lakini mwanangu, alimfunika. Alimwekea lile furushi chini ya kichwa, akamfunika blanketi mpaka kidevuni, kisha akaenda zake. Walipomkuta alikuwa na uhai bado. Hospitali wakasema angewahishwa angepona. Mtaa mzima unaulizana, ni mtu gani huyo, amfunike mwenzake kama mama yake alivyomfunza, halafu amwache.

Polisi wamelichukua blanketi. Walianza pale pale kulibandua manyoya ya paka kwa selotepu, watoto wakawacheka kwamba polisi wamekuwa vinyozi. Ndiyo nikakukumbuka. Nakuuliza kwa kujua tu. Hivi unyoya wa paka unaweza kusema?

Mdogo wako Kitinda hajambo. Gari la mikate liko kwa fundi, anasema aligonga mbuzi. Siku hizi analala mapema. Mkaguzi anazunguka nyumba nzima analia, hana pa kulala.

Usinipigie kwa hili. Simu anakaa nayo Kitinda, na mimi nikiishika tu nasahau nilichotaka kusema. Andika.

Mama yako, mwandiko unaujua mwenyewe.


2 Machi

Shikamoo mama yangu,

Mjukuu wako amesema basi wewe na yeye mle uji pamoja mpaka meno yaote. Sikumwambia ya kwako hayaoti. Sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu, maana kazi ya kuinamia vioo vya kukuzia hainyooshi mtu.

Habari ya Dobi imeniumiza. Nilikuwa maabara nilipoisoma, ikabidi nivue glavu nitoke nje. Unakumbuka asubuhi ya mtihani wa mwisho? Aliniletea sare mpaka mlangoni ikiwa bado ya moto, akasema vaa sasa hivi, ukienda na joto la pasi hofu itakaa mbali. Nimeingia kwenye vyumba vingi vya mitihani tangu hapo, sijawahi kuwa na joto kama lile.

Umeniuliza kuhusu unyoya. Nafurahi umeuliza, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe hasa. Watu wanadhani tunashughulika na nywele za watu tu, lakini mnyama wa nyumbani anadondosha manyoya kila anapopita. Mtu akitoka kwake anatoka nayo kwenye suruali, akikaa mahali anayaacha. Sisi tunayaokota kwa koleo ndogo, tunayaosha kwenye kichupa kisichozidi kidole, tunayayeyusha, kisha tunasoma vinasaba vilivyomo. Vinasaba ni ule urithi ambao kiumbe anaupata kwa wazazi wake, umeandikwa ndani ya mwili.

Sasa sikiliza, mama. Unyoya ukinyofolewa unatoka na mzizi wake, na kwenye mzizi kuna urithi wa baba na wa mama, kwa hiyo unaweza kumjua mnyama mwenyewe, yule yule. Lakini paka hanyofolewi, paka anadondosha. Unyoya uliodondoka umeuacha mzizi nyuma. Kinachobaki ndani yake cha kusomeka vizuri ni urithi wa upande wa mama peke yake. Baba hamo. Paka, mama yake, ndugu zake wa tumbo moja, wote watasoma sawa. Zamani tulikuwa tunasoma kipande tu, na paka wasiojuana kabisa walikuwa wanafanana. Siku hizi tunausoma urithi huo wa mama wote, toka mwanzo hadi mwisho, na kuna koo chache zina alama ambayo hutaiona kwingine.

Kwa hiyo ndiyo, unyoya unasema. Ila hautaji jina lake. Unamtaja mama tu.

Mwambie Kitinda amrudishie Mkaguzi lile blanketi lake la kijivu, lile la kwenye kiti cha gari. Paka mzee hapendi kuhamishwa kitanda.

Mwanao.


28 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako na kwa kibogoyo mwenzangu. Shangazi yako amekuja kukaa siku mbili, amekula, amelala, ameniambia nyumba haijapakwa rangi, ameondoka. Mimi mzima.

Barua yako nimeisoma kidogo kidogo. Lile neno la vinasaba nililisoma "visa vya baba." Nikasema ah, kumbe hata huko vinajulikana. Nikaendelea mpaka nilipoona baba hamo, amebaki mama peke yake. Nikasema basi ni kama kawaida, hata kwenye unyoya kazi yote anaachiwa mama.

Polisi walipita mtaani nyumba kwa nyumba. Mpelelezi mmoja mwanamke, mdogo mdogo, na mwenzake aliyebeba vibahasha. Kila nyumba yenye paka walikuwa wanachukua manyoya na kuandika. Mkaguzi hakuwepo, alikuwa juu ya ukuta wa jirani. Wakaniuliza, mama, una paka? Nikawaambia paka hana mwenyewe, paka ana nyumba tu, leo hapa kesho kule. Wakacheka. Yule mwanamke nikampa chai, akanywa amesimama, akanishukuru, wakaenda.

Kitinda ameacha kazi. Anasema mikate imemchosha. Sasa anapasua kuni, na sisi jiko letu unalijua, ni la gesi. Zimejaa hapo uani mpaka kuku hawana pa kupita. Akienda sokoni hapiti kwa Dobi, anazunguka kwa nyuma kule kwenye tope. Nimemwambia aende akamwone daktari. Anasema haumwi.

Nilitaka kukuuliza, nguo ikifuliwa kwa maji ya moto, manyoya yanatoka yote? Ni kwa ajili ya usafi tu. Watu wanasema manyoya yanaleta kifua.

Mama.


20 Aprili

Shikamoo mama,

Mjukuu wako ameota jino moja, limepinda. Sisi wazima.

Manyoya hayatoki yote. Yanajificha kwenye mishono, kwenye mifuko, chini ya kola. Ukifua unayapunguza tu. Nguo ya mtu mwenye paka ni paka wa pili, hivyo ndivyo tunavyotaniana hapa.

Mama, niliandika habari ya blanketi la Mkaguzi bila kufikiri kitu, kama mtu anavyoulizia kiti cha zamani. Wewe umenijibu yote, hata ambayo sikuuliza, ukaliruka hilo. Nilikwenda nalo kazini kichwani. Nilishika koleo nikaliweka chini, kazi nikamwachia mwenzangu.

Halafu yule mbuzi. Paka anaweza asiwe na mwenyewe, sawa, umewapata polisi. Lakini mbuzi ana mwenyewe siku zote. Mbona mwenye mbuzi hajaja kugonga mlango wetu?

Sikuulizi tena. Wala usinijibu. Nijibu kitu kimoja tu, Kitinda anakula?

Mwanao.


15 Julai

Mwanangu,

Nisamehe kwa ukimya. Kalamu ilikuwa na wino, mimi ndiye niliyekauka. Nilikuwa naanza, nafika kwenye salamu, nasimama. Nikiandika huku hatujambo naona naandika uongo, nikiandika tuna jambo naona mkono hauendi.

Hali. Uliniuliza mwezi wa nne kama Kitinda anakula, nami nakujibu leo. Anatafuna, lakini hali.

Kinyozi amekamatwa kwa kifo cha Dobi.

Nitakueleza taratibu ili na mimi nielewe. Kinyozi ana ile pikipiki yake, na taa yake ya mbele ilivunjika siku hizo hizo, aliingia nayo mtaroni akiwa anakwepa mbwa. Hakuna aliyemwona isipokuwa mbwa. Tena mwezi ule aligombana na Dobi kwa ajili ya taulo za duka zilizorudi zimeungua, wakarushiana maneno mtaa mzima ukasikia. Kinyozi akamwambia mzee, siku moja nitakunyoosha na wewe. Ndivyo watu wanavyosema wakiwa na hasira, na kesho yake walikuwa wanacheka pamoja. Lakini la kucheka halikuandikwa, limeandikwa lile la kunyoosha.

Polisi walichukua manyoya ya paka wake kwenye kapu la taulo. Wakayapeleka maabara kubwa, yakakaa, yakarudi. Yanasoma sawa na ya blanketi.

Sasa sikia hili. Walimuuliza, paka huyu ulimtoa wapi? Akasema, nilipewa na mama. Wakaandika, "alipewa na mama yake." Wakaenda kumtafuta mama yake, wakakuta kaburi lina miaka. Basi wanasema kijana huyu ni mwongo, marehemu hagawi paka. Neno hilo sasa ndilo linalomkandamiza kuliko hata manyoya, maana aliyedanganya kwenye dogo atakuwa amedanganya na kwenye kubwa.

Nilikwenda kumwona mahabusu. Nilibeba mkate na sabuni. Wamemnyoa, mwanangu, wamemnyoa kwa mashine butu, kichwa kina mabaka. Nikamwambia, hata wewe? Akasema ndiyo maana hakutaka wateja wake wamwone. Tukacheka kidogo, halafu cheko likatukatikia wote wawili.

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia mama yupi.

"Hawakuuliza," akasema.

"Na sasa wameshakuita mwongo?"

Akaugeuzageuza ule mkate mkononi. Akasema, "Nina mama mmoja aliye hai. Simpeleki polisi kwa mdomo wangu."

Hakuwa amekasirika. Laiti angekasirika. Nilipoinuka akaniambia nimwambie Kitinda ale. Sikumuuliza anajua nini. Wamekua kwenye mkeka mmoja hao, kipi mmoja asichokijua kwa mwenzake?

Nilipofika nyumbani nikamwambia Kitinda, Kinyozi amefungiwa. Alikuwa anakunywa chai. Alikiweka kikombe chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akatoka. Nikasikia shoka. Lilikuwa linapasua kuni zilizokwisha pasuliwa.

Nina watoto wawili wa kiume mtaani hapa, mmoja tu ndiye niliyemzaa. Nikifungua mdomo ninamkosa mmoja. Nikiufunga ninamkosa yule mwingine, na huyo ninayebaki naye mwenyewe unaona habari zake, amebaki shoka tu. Usiniambie la kufanya, mimi ni mtu mzima. Niambie tu hiyo kazi yako inasemaje.

Mkaguzi ameanza kulala kwenye kuni.

Mama.


6 Agosti

Shikamoo mama yangu,

Barua yako nimeipokea jana. Leo sikwenda kazini.

Nakwambia kazi yangu inavyosema, kama ulivyotaka. Paka wa Kinyozi anasoma sawa na manyoya ya blanketi kwa sababu anasoma sawa na mama yake. Kama ukoo wa Mkaguzi ni wa alama adimu, mtaalamu atasimama mahakamani aseme paka wa namna hii ni wachache sana, na atakuwa amesema kweli tupu. Kweli hiyo hiyo ndiyo itakayomfunga asiyehusika. Kama ni mwaminifu ataongeza kwamba mama wa paka na watoto wake wote wangesoma hivyo hivyo. Hakimu atauliza, huyo mama yuko wapi? Na hakuna atakayejibu, maana kwenye jalada mama ni marehemu.

Unyoya hausemi nani aliendesha gari, mama. Unasema tu blanketi lilikuwa limekaa nyumba gani. Kilichobaki wanasema watu.

Kitinda nilimbeba mgongoni mpaka shule ikaniambia nimwache chini. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Na mimi ndiye niliyemwambia, ukimkuta mtu ameumia mfunike kwanza, kabla hujafanya lolote, kwa sababu wewe uliniambia hivyo. Nikifikiria lile blanketi lililofika kidevuni naujua mkono uliolivuta. Sihitaji kioo cha kukuzia.

Nimemwandikia wakili wa Kinyozi. Nimeeleza habari ya urithi wa mama, na paka yule alizaliwa nyumba gani. Barua iko kwenye droo ya meza yangu, sijaituma. Nasubiri neno lako. Lakini sitasubiri mpaka kesi iishe, mama. Nitaituma, na utanichukia, na nitakuwa nimempeleka mdogo wangu jela kwa kazi ambayo wewe uliuza shamba la viazi ili niisome.

Nijibu haraka. Au usijibu, uende kituoni.

Mwanao.


2 Septemba

Mwanangu,

Barua yako ilinikuta nimesharudi. Iache hiyo nyingine kwenye droo, haina kazi tena. Wala sikukuchukia. Ningejua unateseka nayo peke yako ningekwambia mapema, lakini huku na huko barua zinatambaa.

Ilikuwa hivi. Nilisikia kesi ya Kinyozi imepangiwa siku. Asubuhi nikafagia, nikaosha vyombo, nikavaa lile gauni la bluu. Nikatoa kapu la sokoni lenye mfuniko, nikamwita Mkaguzi, akaingia mwenyewe, sijui alidhani kuna samaki. Kitinda alikuwa uani na shoka.

"Unampeleka wapi paka, mama?"

Nikamwambia, "Kituoni. Nampeleka akamtambue mwanawe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Nilijiambia akinizuia mlangoni nitafanya nini, mimi na magoti haya.  Yeye akaliegemeza shoka ukutani vizuri, akanawa mikono, akaja akaushika mkono wa kapu.

"Zito hili," akasema. "Nipe nikubebee."

Tukaenda hivyo, yeye mbele na kapu, mimi nyuma. Hakuzunguka kwenye tope. Alipita mbele ya nyumba ya Dobi, ile meza ya kupigia pasi bado ipo pale barazani imefunikwa shuka. Mjane wake alikuwa anaanika nguo. Kitinda akasimama, akaweka kapu chini, akamwamkia. Yule mama akaitikia akamtazama, akanitazama na mimi, akabaki ameshika kibanio cha nguo mkononi.  Tuliendelea.

Kupita hapo ndipo alipoongea. Hakunigeukia, alikuwa anaongea na njia. Alisema mzee alikuwa anazungumza naye. Hakumlaumu hata. Alikuwa anaulizia nguo za watu, zisikanyagwe. Halafu akasema anasikia baridi. Kitinda akamfunika, akamwambia, mzee, narudi sasa hivi na watu. Akapanda gari akaenda kuita watu. Akafika kwenye duka la kwanza, mwenye duka akafungua mlango akasema umechelewa leo, na yeye akaanza kushusha mikate. Alishusha yote. Akaenda la pili. Anasema mpaka leo hajui mikono ile ilikuwa ya nani.

"Nilimwambia narudi, mama," akasema.

 Nilimtengeneza tu kola.

Kituoni yule askari wa mezani akauliza, mama, shida gani? Nikamwambia mmeandika kwamba paka wa Kinyozi alitolewa na mama. Sasa mama ndiye mimi. Na mama wa paka ndiye huyu, nikafunua kapu. Akawa anatafuta kalamu, anamtazama Mkaguzi, anatafuta kalamu. Kitinda akasema polepole, "Na dereva ni mimi." Yule askari akaacha kutafuta kalamu.

Wakamwita yule mpelelezi mwanamke niliyempa chai. Hakunikaripia. Aliniambia tu, mama, uliniambia paka hana mwenyewe. Nikamwambia ndiyo, nilikwambia hivyo. Safari hii hawakuweka selotepu, walinyofoa, na mzizi wake. Mkaguzi akamparura mkono, na mimi niliona ni haki yake.

Kitinda walimpitisha ule mlango wa ndani. Kabla hajaingia akanirudishia kapu. Akaniambia nirudi kwa njia ya lami, ile nyingine ina utelezi. Hilo ndilo aliloniachia. Nimeenda kumwona tangu hapo. Amekonda, lakini yule askari anasema anakula chakula chake chote na kulala usingizi. Nyumbani alikuwa halali, nami nilikuwa nakuandikia kwamba analala mapema. Alikuwa anafunga mlango mapema tu.

Niliwahi kukuuliza kama maji ya moto yanatoa manyoya. Ulikuwa unajua ninachouliza, ukanijibu kwa heshima. Asante.

Nimekwenda kwa mjane wa Dobi. Sikukaribishwa kiti, na sitakwambia tuliyosema. Nitakwenda tena, asiponikaribisha nitasimama.

Jana alasiri nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nimeweka mapajani lile shati la Kitinda la kazi, natoa manyoya ya Mkaguzi, mmoja mmoja. Nikatazama vidole vyangu nikaona natoa nini. Nikaacha. Nimelikunja hivyo hivyo na manyoya yake, liko chini ya mto wangu.

Hapo ndipo niliposikia viatu barazani. Wamemwachia Kinyozi. Nikakiona kivuli chake chini ya mlango, na kupitia dirishani kichwa kile kilichonyolewa vibaya, nywele zimeanza kuota.

"Hodi, mama."

Sikuitika. Mtu niliyemwacha ndani miezi yote ile nikijua. Sikujua kama jina hilo bado ni langu, au analiita kwa mazoea tu, kama mtu anavyopapasa swichi kwenye nyumba iliyokatwa umeme. Mkaguzi akashuka kwenye kuni, akaenda akakaa mlangoni akilia afunguliwe. Na yeye nje hakuondoka. Akasubiri, halafu akaita tena, polepole, kama anayeogopa kuniamsha.

"Mama. Hodi."

Nikaitika.

Mama.